Jiwe Letu Halimo Kitabuni

Hotuba hii niliitoa mbele ya wanafunzi wa uhandisi na sayansi, wahadhiri wao na baadhi ya wazazi. Kwa kuwa wanafunzi wengi walikuwa katika mafunzo ya vitendo viwandani na hawakuweza kufika, naiweka hapa yote kama nilivyoisema, isipokuwa picha zilizooneshwa ukutani, ambazo nimezieleza kwa maneno pale ilipobidi.

Ndugu Mwenyekiti wa kikao, Mkuu wa Ndaki, wahadhiri wenzangu, wazazi mlioacha shughuli zenu kuja kutusikiliza, na ninyi wanafunzi ambao ndio wenye siku ya leo: wakubwa zangu shikamooni, na wadogo zangu hamjambo.

Kabla sijapanda hapa, mzazi mmoja alinishika mkono pale mlangoni akaniuliza swali ambalo nimeliheshimu sana. Alisema, “Mwalimu, binti yangu ananiambia anataka kuendelea na utafiti wa materiali. Mimi najua daktari anatibu, mwanasheria anatetea, mhandisi wa barabara anajenga barabara. Huyu wa materiali ataajiriwa na nani, na akiamka asubuhi atafanya nini?” Mzazi wangu, sikukujibu pale mlangoni kwa sababu jibu lake haliwezi kutolewa kwa kusimama. Hotuba yangu yote ya leo ni jibu lako.

Tuanze na jina lenyewe. Wapo wanaosema sayansi ya vifaa, wapo wanaosema nyenzo, wapo wanaosema malighafi, na kila neno kati ya hayo tayari lina kazi nyingine. Mimi leo nitasema materiali, nikiwa na maana ya kitu chochote ambacho vitu vingine hutengenezwa kwacho: chuma, saruji, kioo, plastiki, udongo wa mfinyanzi, nyuzi za katani, hata mfupa.

Mtafiti wa materiali anauliza maswali manne ambayo hayaachani. Kitu hiki kimepangikaje kwa ndani? Kilipikwaje mpaka kikapangika hivyo? Kina sifa gani? Na kikitiwa kazini, kitadumu? Nendeni kwa mhunzi yeyote anayetengeneza mapanga mkamwangalie. Anakitia chuma motoni mpaka kiwe chekundu, anakitumbukiza majini ghafla, nacho kinatoka kigumu lakini chepesi kuvunjika kama kigae. Ndipo anakirudisha tena motoni, kwa joto dogo safari hii, ili kipate unyumbufu bila kupoteza makali. Chuma ni kilekile na kaboni ni ileile. Kilichobadilika ni mpangilio wa ndani, na mpangilio huo umebadilishwa na moto na maji. Mhunzi anaujua ukweli huo kwa macho na mikono yake, na kazi ya mtafiti ni kuujua kwa vipimo, ili uweze kurudiwa na mtu mwingine, mahali pengine, kwa chuma kingine.

Sasa niseme jambo ambalo ndilo lililonileta. Vitabu tunavyofundishia, na mimi ni miongoni mwa wanaovifundishia, vimeandikwa na watu waliochunguza mawe ya kwao, udongo wa kwao, maji ya kwao na jua la kwao. Hilo si kosa lao. Kila mtu huchunguza kilicho mlangoni pake. Lakini maana yake kwetu ni nini? Maana yake ni kwamba jiwe letu halimo kitabuni. Mtakapolipima, litawapa majibu yasiyolingana na jedwali lililo nyuma ya kitabu, na siku hiyo msidhani mmekosea. Siku hiyo ndiyo kazi ya utafiti inapoanzia.

Niwapeleke Kagera. Katika miaka ya 1970, mwanaakiolojia Peter Schmidt alikuwa akifanya kazi miongoni mwa Wahaya, magharibi mwa Ziwa Viktoria, na wazee wakamwelekeza mahali pa kuchimba. Katika maeneo kama Kemondo zilipatikana tanuri za kuyeyushia chuma zenye umri unaokaribia miaka 2,000. Schmidt alishirikiana na mhandisi Donald Avery, na wakawaomba wazee waliokuwa bado wanakumbuka ufundi huo wajenge tanuri upya. Zingatieni jambo hili: wazee hao walikuwa hawajayeyusha chuma kwa miongo mingi, kwa sababu chuma cha bei rahisi kutoka Ulaya kilikuwa kimeiua kazi yao. Walijaribu, wakashindwa, wakajaribu tena, wakikumbushana, mpaka wakafaulu.

Tanuri lao lilikuwa na umbo la pia iliyofunikwa, urefu wake kama kimo cha kijana, likiwa limejengwa kwa mavi ya chuma ya zamani, yaani takataka zinazobaki jiwe la chuma likiyeyushwa, na udongo wa kichuguu, juu ya shimo lililojazwa majani ya kinamasi yaliyounguzwa nusu. Mirija ya udongo ilipita kutoka kwenye mivukuto hadi ndani kabisa ya tanuri, si ukingoni tu. Avery na Schmidt waliandika katika jarida la Science mwaka 1978 kwamba mirija hiyo iliipasha hewa moto kabla haijafika kwenye mkaa, na kwamba joto ndani ya tanuri lilipita nyuzi 1,800 za Selsiasi. Kilichopatikana ni chuma chenye kaboni, yaani feleji (steel). Wataalamu wengine walikuja kubishana nao juu ya kiasi cha kupashwa kwa hewa hiyo, na ubishi huo ni halali, kwa sababu ndivyo sayansi inavyokwenda.

Kwa nini nawasimulia habari hii? Wapo wanaoitaja ili tujivune, na kujivuna kuna mahali pake. Mimi nawasimulia kwa sababu ya udongo wa kichuguu. Nani aliwaambia wazee wale watumie udongo wa kichuguu na si udongo wowote? Nani aliwaambia kwamba majani ya kinamasi yakiunguzwa nusu yatakipa chuma kaboni yake? Hapana kitabu kilichowaambia. Kuna mtu alijaribu udongo wa mtoni, tanuri likapasuka. Akajaribu mwingine, ukayeyuka. Akafika kwenye kichuguu. Mtu huyo jina lake hatulijui, wala yule aliyefuata baada yake, lakini kazi waliyoifanya ndiyo hii ninayowaitia. Na swali liko wazi hadi leo: ni vichuguu vya wapi, vyenye madini gani, vinavyofaa kutengeneza matofali ya kustahimili moto kwa ajili ya majiko na tanuri za viwanda vyetu vidogo? Hiyo peke yake ni tasnifu nzima ya uzamili, na sampuli yake mnaipita kila siku mkienda shamba.

Kutoka Kagera twende Ludewa, mkoani Njombe. Kila mmoja wenu amesikia habari za chuma cha Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma. Mmeisikia tangu mko shule ya msingi. Wazazi wenu nao waliisikia. Wengi huuliza: chuma kipo, makaa yapo, na yako jirani, kwa nini basi hatuyeyushi? Sababu ni nyingi, za fedha, za mikataba, za reli na umeme, nami si msemaji wa hizo. Lakini kuna sababu moja ambayo ni yetu sisi watu wa materiali, na sioni ikisemwa vya kutosha.

Jiwe la Liganga si chuma peke yake. Limechanganyika na metali nyingine mbili, titani na vanadi. Ukilitia jiwe la namna hiyo katika tanuri kubwa la kawaida, lile linalochorwa katika vitabu vyote, sehemu ya titani huungana na kaboni na naitrojeni, ikafanya vijipande vigumu visivyoyeyuka, na mavi ya chuma yanakuwa mazito kama uji uliopoa sufuriani. Hayatiririki. Tanuri linasongwa. Kitabu kinasema jiwe la chuma huyeyushwa hivi na hivi, na kitabu hakidanganyi, ila kinaongelea jiwe lingine.

Je, sisi ndio wa kwanza kupata jiwe la namna hii? La. New Zealand wana mchanga mweusi wa pwani wenye chuma na titani. Walijaribu kuuyeyusha tangu karne ya 19 wakashindwa, mara ya pili wakashindwa, mpaka walipobuni njia yao wenyewe ya kuupasha kwanza mchanga huo pamoja na makaa katika matanuri yanayozunguka na kuumalizia kwenye tanuri la umeme, na kiwanda chao cha Glenbrook kinaishi kwa njia hiyo. Wachina wana jiwe la aina hiyo huko Panzhihua, katika jimbo la Sichuan. Walifanya majaribio kwa miaka kadhaa kabla tanuri la kwanza halijawashwa mwaka 1970. Afrika Kusini nao walipata njia ya jiwe lao. Kila mmoja alilazimika kulichunguza jiwe lake. Kila mmoja alikuwa na vijana wake, kama ninyi, waliokaa na makapi na mavi ya chuma miaka mingi wakipima mnato wake, utelezi wake, joto lake.

Basi nani atalichunguza jiwe la Liganga? Akija mwekezaji atakuja na njia yake, na pengine ni njema. Lakini upande wetu wa meza atakaa nani anayejua kwamba vanadi iliyomo humo ina thamani yake yenyewe, na kwamba mavi yale tunayotaka kuyatupa yana titani ndani yake? Mzazi wangu wa mlangoni, hii ni sehemu ya kwanza ya jibu lako: binti yako anaweza kuwa ndiye mtu huyo aliyeketi upande wetu wa meza.

Nimesema ya chuma. Sasa nitasema ya mifupa, na hapa mniruhusu nichukue muda, kwa sababu hii ni habari ninayoijua kwa vidole vyangu.

Kuzunguka Mlima Meru, na kwingi katika Bonde la Ufa, maji yana floraidi nyingi. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na vipo vyanzo upande ule vinavyozidi kiwango hicho mara kumi. Mmeona watoto wenye meno ya kahawia. Waliokaa vijijini wameona zaidi ya meno: wameona miguu iliyopinda na wazee wasioweza kuinama. Njia mojawapo ya kuiondoa floraidi, ambayo imefanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, ni kuyapitisha maji katika mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kwa nini mfupa? Kwa sababu madini yaliyo ndani ya mfupa ni ndugu wa madini ya jino. Kilekile kinachofanya floraidi iling'ang'anie jino la mtoto ndicho kinachofanya iung'ang'anie mfupa wa ng'ombe. Adui anakamatwa kwa chambo anachokipenda. Nilipolielewa jambo hilo kwa mara ya kwanza, nikiwa mwanafunzi, sikulala usiku ule.

Lakini kulielewa ni kitu kimoja, na kuuchoma mfupa ni kitu kingine. Mfupa ukichomwa kwa joto dogo unatoka wa kahawia. Una mafuta bado, na maji yatakayopita humo yatanuka. Ukichomwa sawasawa, kwa hewa iliyobanwa, unatoka mweusi tii, na ukiushika unaacha alama kidoleni kama penseli. Ukiuzidishia joto au hewa unatoka wa kijivu, kisha mweupe, mzuri kwa macho, safi kama chaki, na uwezo wake wa kushika floraidi umeporomoka. Mweupe ndio unaodanganya.

Mimi nilichoma mifupa miezi mitatu. Kipimajoto cha tanuri kiliniambia niko kwenye nyuzi 450, na mifupa ikatoka ya kijivu iliyoelekea weupe. Nikasema labda ni aina ya mifupa. Nikabadilisha machinjio. Nikasema labda ni ukubwa wa vipande. Nikavitwanga upya na kuvichekecha upya. Kila wiki matokeo yalikuwa hafifu, na kila wiki niliandika katika daftari sababu mpya. Siku moja fundi wa maabara, mtu ambaye hakuwa na shahada yoyote, alipita akatazama ndani ya tanuri kupitia kitundu akaniambia, “Mwanangu, huo moto si wa mia nne. Moto wa mia nne hauna rangi. Huo umeanza wekundu.” Tukaazima kipimajoto kingine. Tanuri lilikuwa limepita nyuzi 600. Kifaa nilichokiamini kuliko macho yangu kilikuwa kinasoma pungufu tangu siku ya kwanza.

Miezi mitatu ilipotea, lakini nilipata kitu ambacho nimekibeba miaka yote: sijaanza tena kazi yoyote bila kukihakiki kipimo kwanza. Na nilijifunza kumsikiliza fundi. Nawaomba sana, wanafunzi wangu, mheshimuni fundi wa maabara. Mtampita kwa vyeti, naye atakuwa anajua rangi za moto.

Mkaa ulipokuja kukaa sawa tuliupeleka kijijini, na huko nikajifunza somo jingine. Bibi mmoja alionja maji ya chujio la jirani, lililokuwa na mkaa wa majaribio ya zamani, akayatema, akasema, “Mjukuu wangu, haya yananuka mzoga.” Ulikuwa ni ule wa kahawia. Na mzee mmoja, Mwislamu mcha Mungu, akaniuliza kwa upole, “Mifupa hii ni ya mnyama gani, na nani amemchinja?” Swali hilo halikuwa katika pendekezo langu la utafiti. Lakini niambieni, lilikuwa si la kisayansi? Chujio ambalo mtu hataki kulinywea linaondoa floraidi kiasi gani? Linaondoa sifuri. Tangu siku hiyo tukawa tunaandika chanzo cha mifupa yetu, machinjio gani na siku gani, na tukamletea mzee yule karatasi aisome mwenyewe.

Wapo waliofuata njia nyingine za kusafisha maji wakafika mbali. Dkt. Askwar Hilonga, aliyezaliwa Karatu, akasomea uzamivu wake Korea Kusini na kurudi kufundisha katika Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha, aliunganisha chujio la mchanga na materiali za nano, yaani za chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, zinazoweza kupangwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika, na mwaka 2015 akapata tuzo ya kwanza ya ubunifu wa uhandisi barani Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Angalieni maneno yale: kulingana na maji ya mahali husika. Ni lilelile ninalolisema tangu nianze.

Nipite haraka kwenye katani, kwa kuwa wengine mmetoka Tanga. Katika miaka ya 1970 na 1980 watafiti wa nchi mbalimbali walitengeneza mabati ya saruji yaliyotiwa nyuzi za katani. Yalikuwa mazuri, ya bei nafuu, na baada ya miaka michache yakaanza kupasuka juu ya vichwa vya watu. Kwa nini? Saruji ina ualikali mkali (ukali wa namna ya magadi), na ualikali ule ulizila nyuzi polepole mpaka zikawa kama makapi. Dawa mojawapo iliyopatikana ni kupunguza saruji na kuweka badala yake majivu yenye silika, ambayo huutuliza ualikali huo. Majivu hayo yako wapi? Yako Mbeya na Rungwe, kwenye majivu ya volkano ambayo viwanda vya saruji vinayatumia tayari. Na yako Kyela na Kilombero, kwenye pumba za mpunga zinazochomwa ovyo kando ya mashine. Nyuzi za Tanga na majivu ya Mbeya hazijakutanishwa vya kutosha. Anayetaka kuzikutanisha aje tuzungumze.

Na betri? Najua mlikuwa mnalisubiri hilo, maana ndilo linalosemwa kila mahali. Betri ya simu iliyo mfukoni mwako ina pande mbili. Upande mmoja mara nyingi una kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inachimbwa kwa jirani zetu wa Kongo, upande wa Kolwezi na Likasi. Upande wa pili ni kinywe, yaani grafiti, na kinywe tunacho Mahenge, tunacho Ruangwa. Aliyeonesha mwaka 1980, akiwa Grenoble, Ufaransa, kwamba lithiamu inaweza kuingia na kutoka ndani ya kinywe mara nyingi ni Mwafrika, Rachid Yazami, mzaliwa wa Fes nchini Morocco. Alikuwa mwanafunzi wa uzamivu alipofanya hivyo. Narudia kwa ajili ya walioko nyuma: alikuwa mwanafunzi.

Lakini kinywe kinachotoka mgodini hakiingii kwenye betri kilivyo. Lazima kisafishwe mpaka kifikie usafi wa asilimia 99.95, kisha vipande vyake bapa vikunjwe na kuviringishwa viwe kama punje za mtama kwa udogo usioonekana, na katika kuviringisha huko sehemu kubwa ya unga hupotea. Kila hatua ya hizo inahitaji mtafiti. Asidi gani itumike isiyoharibu mito ya Ulanga? Unga unaopotea ufanyiwe nini? Kinywe cha Mahenge kinatofautianaje na cha Ruangwa kikiviringishwa? Tukiuza jiwe tunauza jiwe, na tukiuza unga uliosafishwa tunauza miaka ya vijana waliokaa maabara.

Sasa nirudi mlangoni, kwa mzazi wangu. Ataajiriwa na nani? Nitasema wazi. Ataajiriwa na vyuo vikuu. Ataajiriwa na taasisi kama TIRDO, ambayo tangu mwaka 1979 kazi yake ni utafiti wa viwanda. Na Shirika la Viwango, ambako nondo, nyaya na saruji hupimwa kabla hazijaingia sokoni. Na wakala wa utafiti wa nyumba na vifaa vya ujenzi. Ataajiriwa na viwanda vya saruji, vya chuma, vya plastiki na vya vioo, vyenye maabara za ubora ambazo mara nyingi hazipati mtu anayejua kutafsiri kinachoonekana kwenye hadubini. Na tangu Novemba 2024, jengo lilipoporomoka Kariakoo na kuondoka na ndugu zetu, sihitaji kumweleza mtu kwa nini mchemraba wa zege wa milimita 150 unasubiriwa siku 28 na kuvunjwa kwa uaminifu, na kwa nini anayeuvunja lazima awe mtu asiyenunulika.

Mlango wa masomo nao si mmoja. Taasisi ya Nelson Mandela Arusha inatoa uzamili na uzamivu katika fani hii. Mfuko wa ufadhili wa masomo wa RSIF, unaosimamiwa na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilicho jijini Nairobi, umeuweka uhandisi wa madini na materiali miongoni mwa maeneo yake ya kipaumbele kwa wanaosoma uzamivu. Kigali kuna taasisi ya EAIFR, chini ya Chuo Kikuu cha Rwanda, kwa wanaopenda fizikia ya materiali. DAAD ya Ujerumani inafadhili Waafrika kusoma humuhumu Afrika. Na mabinti, lipo shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea, OWSD, linalowafadhili wanawake kwa uzamivu. Msiache kuomba kwa kudhani kwamba hamfai, acheni wao ndio waseme.

Kuna mmoja atasema, “Mwalimu, chuo chetu hakina hadubini ya elektroni.” Ni kweli, nami sitawaficha ugumu. Mtasubiri vipuri. Mtapeleka sampuli nje na kungoja majibu kwa miezi. Umeme utakatika tanuri likiwa limefika nyuzi 900. Wenzenu walioajiriwa mapema watakuwa wamejenga nyumba nanyi mnaandika sura ya tatu. Lakini si utafiti wote unaoanza na mashine kubwa. Tangu mwaka 2010 iko shule ya Afrika iitwayo ASESMA, ambayo mwaka 2012 ilifanyika Eldoret, inayowafundisha vijana kukokotoa tabia za materiali kwa kompyuta, kuanzia kwenye elektroni zenyewe, wakitumia programu huria isiyolipiwa hata shilingi. Kwa kompyuta mpakato na subira unaweza kujua kabla ya kuwasha tanuri ni mchanganyiko upi unastahili mkaa wako.

Na mkitaka kumwandikia profesa, wa hapa au wa ng'ambo, msimwandikie barua ya kuomba ufadhili yenye sifa zenu za tangu chekechea. Mwandikieni sentensi nne. Nimesoma kazi yako hii. Kwetu kuna jiwe hili, au udongo huu, au jani hili. Nimelipima hivi nikapata hivi. Nadhani sababu ni hii, naomba unisaidie kujua kama nimekosea. Barua ya namna hiyo nimeipokea mara mbili tu tangu nianze kufundisha, na wote wawili walioiandika nilifanya nao kazi.

Jumamosi hii maabara yetu itakuwa wazi kuanzia saa tatu asubuhi. Njooni na kitu kimoja kilichoharibika nyumbani kwenu: nondo iliyoliwa na kutu, sufuria iliyotoboka, kipande cha tofali lililopasuka, kandambili iliyokatika. Tutakikata, tutakisugua mpaka king'ae, na kila mmoja atakitazama kwa hadubini na kuandika anachokiona kabla sijamwambia kitu. Mzazi wangu wa mlangoni, umekaribishwa pamoja na binti yako. Umeniambia kwamba nyumbani kwenu Bagamoyo bati halimalizi miaka mitano. Leteni kipande chake, pale penye tundu, na kingine pale ambapo bado ni kizima.

Asanteni kwa kunisikiliza.